Bi Pua Anaomba Kazi

Jina la Bi Pua hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa jikoni, katika chuo kimoja cha ufundi, kwa sababu alikuwa hapiki kitu kabla hajakinusa. Ukimletea nyama, anaiinua hadi usoni. Ukimletea maziwa, anafunua kifuniko na kuinama. Hata kitambaa cha kufutia vyombo alikinusa, na kikiwa kimelala na maji alikishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akaenda kukichemsha. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye alisonya tu, akaendelea na shughuli zake.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mikono imekakamaa kwa sabuni, uso mwepesi kukunjamana. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alipenda kusema kwamba ni yeye peke yake kati ya madereva wote anayeoga kabla ya kusalimia watu wa nyumbani. Alisema kwa utani, lakini alioga kweli.

Basi siku moja friza la chuo liliharibika, na mtunza stoo akanyamaza kimya. Sijui aliogopa kuulizwa au alidhani litapona lenyewe. Baadaye ndipo alipoingia jikoni na beseni mbili za nyama, amezifunika kwa gunia. Bi Pua hakuhitaji kusogea. Harufu ilimfuata pale alipokuwa, ikamwingia puani, ikashuka hadi kooni na kukaa hapo. Alipofunua gunia aliona nyama imeshika ukijani pembeni, na juu yake pana utelezi unaong'aa kama kamasi.

"Hii ya nini?" akauliza.

"Ya leo mchana. Ioshe na siki, tia ndimu, halafu viungo usivionee huruma. Hao watoto watajuaje?"

"Mwanao ungempa?"

Mtunza stoo akacheka, meno yote nje. "Mwanangu hali hapa, mama."

Jibu hilo lilimchefua Bi Pua kuliko ile nyama. Nyama imeoza kwa sababu ya joto, haina kosa. Lakini mtu mzima, mwenye akili zake, anasimama mbele yako anacheka! Aliita mwenzake mmoja, wakabeba beseni hadi kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, wakamwaga zote. Mchana huo wanafunzi walikula maharage, wakalalamika, na hakuna aliyejua ameepushwa na nini.

Asubuhi iliyofuata aliitwa ofisini. Aliambiwa ameharibu mali ya chuo na kudharau viongozi wake. Mtunza stoo alikuwa ameketi pembeni, anatazama kucha zake. Bi Pua alijaribu kueleza, lakini mkubwa alikuwa ameshaandika alichotaka kuandika. Hivyo ndivyo alivyomwaga unga, baada ya miaka yote ile ya kuamka kabla ya jogoo.

Habari ikafika kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyu mtaani walimwita Meneja, ingawa hajawahi kusimamia chochote ila tai yake. Zamani alikuwa mhudumu wa ofisi, kazi ya kupeleka mafaili na kuleta chai, na huko akaokota maneno makubwamakubwa ambayo sasa ndiyo yaliyokuwa yakimlisha: aliwaandikia watu barua za kuomba kazi. Alikuja siku hiyohiyo, mkoba kwapani.

"Shemeji, usijitie presha," akasema, akivuta kiti. "Barua ikitoka mkononi mwangu, huko iendako wanasimama. Kwanza chakula kipo?"

Chakula kilikuwepo. Meneja alikula huku akiongea, midomo imelowa mafuta, na punje za wali zikimruka na kutua mezani kila alipotamka herufi ya "p". Alipomaliza alichokonoa meno kwa pembe ya karatasi, akaitazama ile pembe, akaifuta kwenye suruali, kisha akaiweka karatasi hiyohiyo mbele yake na kuanza kuandika. Bi Pua alikuwa amesimama mlangoni. Mate yalimjaa mdomoni, si mate ya njaa.

"Huniulizi hata nilikuwa nafanya nini?" akasema.

"Ya nini? Barua ya kazi ni moja tu duniani. Kinachobadilika ni jina."

Kila alipofungua ukurasa mpya alilamba kidole. Alipomaliza alitoa ulimi wote, akaupitisha kwenye bahasha kwa raha zake, akaibana kwa kiganja. "Tayari. Hii peleka ile kampuni inayopikia maofisi. Nimeweka na nakala yako, usome ufurahi."

Alipoondoka, Bi Pua alifuta meza mara tatu kwa maji ya moto. Kisha akaisoma ile nakala. Ilianza na "Mheshimiwa sana Meneja", ikafuata "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", halafu ikaendelea hivi: "Kwa heshima na taadhima nachukua nafasi hii adhimu kuleta maombi yangu mbele ya ofisi yako tukufu. Mimi ni mchapakazi hodari, mwaminifu, mwadilifu, mcheshi, mwepesi wa kujifunza, nisiyechagua kazi, niwezaye kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa na mtu yeyote." Akasoma hadi hapo, akahisi kama amelishwa kijiko cha mafuta matupu. Ofisi tukufu! Yeye hajawahi kuiona. Na huyo mcheshi ni nani? Na asiyechagua kazi ni nani, wakati yeye amefukuzwa kwa kuchagua? Karatasi yenyewe ilinuka mafuta ya nywele. Akaikunja, akaitupa juu ya kabati bila kufika mwisho.

Lakini shida ni shida. Bahasha akaipeleka.

Ajabu ni kwamba aliitwa. Ofisa wa ajira wa kampuni hiyo alikuwa msichana mwenye miwani, macho mekundu ya uchovu, na meza yake ilikuwa haionekani kwa karatasi. Hakumkaribisha kwa maneno mengi. Alichomoa barua moja, akaisoma kwa sauti kavu: "Mimi ni mchapakazi hodari, mwaminifu, mwadilifu, mcheshi." Akaiweka. Akachomoa nyingine. "Mimi ni mchapakazi hodari, mwaminifu, mwadilifu, mcheshi." Akachomoa ya tatu, akaigeuza ili Bi Pua aione mwenyewe. Mwandiko ni uleule, na hata doa la mafuta pembeni lilikuwa la jamaa moja.

"Hii ni ya mlinzi," akasema yule ofisa. "Hii ya dereva. Na hii yako, mama. Soma hapa aya ya pili."

Bi Pua akasoma. Kumbe katika ile sehemu ambayo hakuifikia nyumbani, iliandikwa kwamba ana uzoefu mkubwa wa kutandaza nyaya za umeme majumbani na kupanda nguzo.

Damu ilimpanda usoni. Alitamani sakafu ifunguke.

"Mimi ni mpishi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilitaka kukuona kwa macho yangu, niamini kama kweli kuna mpishi anayepanda nguzo." Msichana hakucheka. Alivua miwani, akajisugua macho. "Mama, usinikasirikie. Nasoma uchafu huu kutwa. Kila mtu hodari, kila mtu mwaminifu, mimi ofisi yangu tukufu, na choo chetu hakina maji wiki nzima. Hakuna hata mmoja anayeniambia alifanya nini, wapi, na kwa nini anataka kuja hapa. Nikishafika kwenye 'taadhima' nasikia kichefuchefu. Nafasi yenyewe imeshapata mtu. Nenda ukaandike yako."

Bi Pua alirudi kwa miguu, njia nzima anajisikia mchafu, kama amevaa nguo za mtu mwingine zisizofuliwa. Alimkuta Meneja nyumbani, amejikaribisha mwenyewe, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko.

"Umenifanya fundi umeme, shemeji?"

"Eeh, hiyo imepita bahati mbaya," akasema bila kuacha kutafuna. "Nilisahau kubadilisha. Lakini wale hawasomi bwana, wanatazama mwandiko tu."

"Kasoma. Kanisomea mbele ya uso wangu."

"Basi huyo ana roho mbaya. Nikuandikie nyingine?"

Bi Pua akamwondolea sufuria mkononi. "Nenda kwako, shemeji. Mkono wako usiguse tena jambo langu."

Siku mbili hizo mumewe alikuwa amerudi safari. Alasiri, Bi Pua akaketi mezani na karatasi safi na kalamu. Akaandika mstari, akausoma, akaukata. Akaandika mwingine. Jambo lililomtisha ni kwamba maneno ya Meneja yalikuwa yameshamwingia. Kila alipoinua kalamu yalimtoka yenyewe, heshima na taadhima, hodari, mwadilifu, yote yananata kama sukari iliyomwagika. Alichana karatasi ya kwanza, ya pili, na nyingine tena. Mwisho aliitupa kalamu.

"Mimi si mwandishi," akasema. "Kujisifu kunanitia kinyaa. Nikijisoma natamani kujitemea mate."

Mumewe alikuwa akipiga viatu rangi kizingitini. "Mbona ile habari ya nyama ulinihadithia vizuri tu? Hukuniambia wewe ni hodari."

"Wewe ni mume wangu."

"Na huko kuna mtu vilevile. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Punguza matusi tu."

Bi Pua akacheka bila kupenda, akaiokota kalamu. Kulikuwa na matangazo mawili aliyoyaona mjini: hoteli moja ya katikati ya mji, na jiko la hospitali. Hakutaka kuandika barua moja na kubadilisha jina. Hilo lilikuwa limeshamtia aibu ya kutosha. Ya hoteli aliiandika kivyake, na ya hospitali kivyake. Hii ya hospitali ilikuwa hivi:

"Mkuu wa Jiko. Naomba kazi ya upishi mliyoitangaza kwenye ubao wa lango lenu. Nimepika miaka mingi katika chuo cha ufundi, na mwishoni nilikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Tulilisha zaidi ya wanafunzi mia tatu kila siku, na hakuna aliyewahi kulazwa kwa chakula nilichopika. Niliachishwa kazi kwa sababu nilimwaga nyama iliyooza niliyoambiwa niipike. Hili nalisema mwenyewe ili msije mkalisikia kwa mtu mwingine. Najua kupika kwa wingi bila kuunguza, kupanga zamu na kutunza stoo ndogo. Chakula cha wagonjwa wa sukari na figo sijakijua bado, nitahitaji kufundishwa. Nimeomba kwenu kwa sababu mgonjwa hana nguvu ya kukataa sahani mbaya. Ukitaka kuulizia habari zangu, msimamizi wa mabweni ya chuo ananifahamu. Namba yake na yangu ziko hapa chini."

Akaisoma mara mbili. Haikumchefua. Mumewe akasema imekaa sawa, na ilipokwisha kunakiliwa kwenye karatasi safi akaiomba ile rasimu aiweke kwenye begi lake la safari. Bahasha Bi Pua alizifunga kwa gundi.

Hoteli ndiyo iliyotangulia kumwita. Mwenye hoteli alimpokea mlangoni, mtu wa manukato makali na kiganja laini chenye unyevu, kilichoganda kwenye mkono wa Bi Pua hata baada ya salamu kwisha.

"Mama! Barua yako imenitoa machozi. Machozi kabisa! Tazama."

Akamwonyesha kaunta. Barua ya Bi Pua ilikuwa imebandikwa ukutani kwa utepe, juu ya sanduku la pesa, mahali ambapo kila mteja angeiona. Tayari ilikuwa na alama ya dole gumba, ya manjano, inayong'aa.

"Mbona umeibandika?" akauliza Bi Pua. "Hata hujaniajiri."

"Nimeshakuajiri moyoni! Twende uone jiko lako."

Afadhali asingeliona. Sakafu ilinasa soli za viatu, ikaziachia kwa sauti ya kubanduka. Ubao wa kukatia ulikuwa mweusi, na katika mikwaruzo yake palikuwa na kitu cheupe ambacho Bi Pua hakutaka kukitazama mara ya pili. Mafuta ya karai yalikuwa meusi kama yale mumewe anayomwaga kwenye injini, na ndani yake kipande cha samaki wa siku nyingine kilielea kikizungukazunguka. Mpishi mmoja alipenga kamasi kwa vidole, akajipangusa kwenye aproni, akaendelea kukanda unga. Bi Pua alipogusa mlango wa friji, mende walitoka nyuma yake, si kwa haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Na ile harufu! Haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, zimelaliana.

Bi Pua alishika pua yake waziwazi, hakujali adabu.

"Hapa tutapasafisha taratibu," akasema mwenye hoteli, akimwekea mkono begani. "Kwa sasa wewe kaa kule mbele. Watu wa afya wanakuja karibuni, wametusumbua sana. Wakifika utawapokea wewe, wasome barua yako, wakuulize habari za ile nyama. Mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya usafi! Nani atathubutu kufungua friji?"

"Na wanaokula?"

"Mbona wanarudi kila siku?" Akacheka, na Bi Pua akauona ule mcheko. Alikuwa ameshauona kwa mtunza stoo.

Alijitoa chini ya ule mkono. Akatembea moja kwa moja hadi kaunta, akapanda kwenye kiti cha mhasibu, akabandua barua yake ukutani, utepe na rangi ya ukuta pamoja. Wateja waliacha kutafuna.

"Mama, hiyo ni kumbukumbu ya ofisi!" mwenye hoteli akapiga kelele.

"Ni yangu mimi. Na nyie mnaokula," akawageukia wateja, "mwombeni mkaone jikoni."

Alifika hadi kona ya mtaa. Hapo akashika nguzo, akainama juu ya mtaro, akatapika mpaka macho yakatoa machozi. Aliosha uso kwa maji ya chupa, akaichana ile barua vipande vidogovidogo. Alipofika nyumbani alioga mara mbili, na bado bega lile alilisugua.

Siku zikapita, hospitali kimya. Akafulia watu nguo, akaanza kukata tamaa. Mwisho simu ikaja.

Mkuu wa jiko la hospitali alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuamrisha. Hakumpa kiti. Mezani pake palikuwa na barua mbili, na uso wake ulikuwa umekunjamana kana kwamba naye ameletewa kitu cha kunusa.

"Hii yako," akasema. "Hii nyingine nimeletewa majuzi na mwanamume anayejiita mpishi. Naye alimwaga nyama iliyooza. Naye aliachishwa kazi chuoni. Naye anasema mgonjwa hana nguvu ya kukataa sahani mbaya. Mmoja wenu ananichezea shere."

Bi Pua akaitazama ile barua ya pili. Mwandiko wa Meneja aliujua kabla hajaugusa. Ile rasimu iliyokuwa kwenye begi la mumewe! Bila shaka Meneja alikuja siku ile yeye yuko hotelini, akakirimiwa na kaka yake, na kaka mtu, kwa kujivunia mkewe, akamwonyesha, naye akainakili kwa ajili ya mteja wake. Sasa jambo lake, lile alilolitapikia nyongo, lilikuwa linauzwa mtaani kama karanga.

"Nilimuuliza huyo bwana swali moja," mkuu wa jiko akaendelea. "Ulipokwisha kuimwaga hiyo nyama, ulifanya nini? Akasema alikwenda nyumbani kupumzika. Haya, wewe?"

"Niliifunika na majivu ya jiko. Ndoo nne au tano, sikumbuki."

"Kwa nini majivu?"

"Pale shimoni huja watu kuokota. Na huyo mtunza stoo angeweza kuizoa mwenyewe akaiosha. Nilimjua."

Mkuu wa jiko akaichukua barua ya yule bwana kwa ncha za kucha, akaiangusha kwenye pipa.

"Mtunza stoo wa hapa ni mkwe wangu," akasema. "Akikuletea nyama mbovu?"

"Nitaimwaga."

"Halafu?"

Bi Pua akafikiri. "Halafu nitakuja kukuambia wewe kwanza, kabla yeye hajakufikia. Kule sikumwambia mtu. Nilidhani inajieleza."

"Haijielezi," akasema mkuu wa jiko. "Utaanza na supu za wodi ya upasuaji, kwa majaribio. Usimamizi sahau kwanza."

Jioni mumewe aliambiwa yaliyotokea. Alivaa viatu, akaenda kwa mdogo wake. Walichoambiana Bi Pua hakuuliza, ila Meneja alikaa muda mrefu bila kukanyaga pale, na sufuria zikapumua.

Kazi ya hospitali haikuwa asali. Vyombo vilirudi kutoka wodini na mambo ambayo mtu wa pua kama ile hakuumbwa kuyaona, na wiki ya kwanza alikula mkate mkavu tu aliobeba kutoka nyumbani. Mshahara ulikuwa chini ya ule wa zamani. Lakini sakafu haikunata, na aliponung'unikia harufu ya mfereji mmoja, fundi aliletwa asubuhi iliyofuata. Majaribio yalipokwisha, mkuu wa jiko alimrushia ufunguo wa friza bila hotuba. Bi Pua aliudaka, akaufuta kwanza kwa kitambaa safi, akautia mfukoni, akaenda kuangalia kuna nini ndani.